Kioo kinagonga, upepo unapiga mluzi, maji yanaingia: uzi wa raba za vioo vya mlango kwa magari yaliyokula chumvi

Plaizi Mdomo Mrefu

Wakuu, heshima kwenu.

Maswali ya raba za vioo yamekuwa mengi, na majibu mengi yanaishia "nunua raba mpya ufunge". Sawa, lakini raba ipi? Mlango mmoja una raba nne kwa uchache na kila moja ina kazi yake. Asiyezijua atang'oa iliyo nzima na kuiacha iliyokufa, kisha atalalamika kwamba spea za siku hizi ni feki.

Shusha kioo mpaka chini, tazama pale kinapozama. Kuna raba mbili zinazokibana, moja ya nje na moja ya ndani. Tuziite raba za kufuta, maana ndiyo kazi yake: kioo kikishuka zinakifuta maji na vumbi. Ya tatu ni raba ya chaneli, ile yenye umbo la U iliyozunguka fremu ya dirisha. Kioo kinateleza ndani yake, na miguu yake miwili, wa mbele na wa nyuma, inaendelea mpaka ndani ya tumbo la mlango ambako jicho halifiki. Ya nne ni raba ya mlango wenyewe, ile nene yenye uwazi katikati inayofinywa ukifunga mlango. Kwenye milango yenye fremu hiyo ya nne haigusi kioo hata kidogo, lakini ndiyo watu wanayoikimbilia kwanza kwa sababu inaonekana.

Sasa dalili.

Fungua mlango, weka kioo nusu, kishike kwa viganja viwili ukitikise. Kikicheza kuingia ndani na kutoka nje, raba za kufuta zimelika. Kikicheza kwenda mbele na nyuma, angalia chaneli, na uangalie pia nati zinazokishika kioo kwenye mashine yake ya kukipandisha na kukishusha, kwa sababu nati iliyolegea inatoa sauti ileile ya raba iliyokufa.

Mistari ya wima kwenye kioo maana yake mahameli ya raba imeisha. Ule mdomo unaogusa kioo huwa na vinyweleo laini. Vikiisha, vumbi linanasa hapo na kufanya kazi ya msasa kila unaposhusha kioo. Ikifikia chuma cha ndani ya raba kimetokeza, acha kabisa kushusha hicho kioo mpaka ubadilishe. Mkwaruzo usionasa ukucha unaweza kupungua kwa kupolishi. Unaonasa ukucha hautoki.

Kioo kinachopanda kwa kujivuta, hasa kikikaribia juu, mara nyingi ni chaneli iliyokauka au kujaa uchafu. Hii usiikimbilie na raba mpya. Safisha mfereji kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichofungwa kwenye kijiti bapa, acha ukauke, puliza silikoni ya kulainishia, pandisha na shusha kioo mara kadhaa. Wengi wenu mtakuwa mmemaliza hapo. Ukipuuza, mota au kebo ya mashine ndiyo italipa deni.

Mluzi wa upepo ndio unaowasumbua watu zaidi kwa sababu masikio yanadanganya. Chukua masking tepu, bandika juu ya mishono yote ya dirisha kwa nje, nenda barabara ya mwendo. Mluzi ukiwa umekata, anza kubandua kipande kimoja kimoja mpaka urudi. Kwa magari mengi utaukuta kwenye kona ya juu ya mbele, au pale kioo cha pembeni cha kuangalia nyuma kinapokutana na mlango. Tepu isipobadilisha kitu, mluzi hautoki dirishani. Nenda katazame kapu la paa, antena, raba ya kioo cha mbele.

Na raba ya mlango unaipima kwa kipande cha karatasi. Funga mlango juu yake, vuta. Ikibana, nzuri. Ikichomoka bila ubishi, hapo ndipo palipolala. Zunguka mlango mzima, usipime sehemu moja ukaridhika.

Nikirudi nitaeleza ufungaji. Maswali ruksa.

Kapeti Bichi

Mkuu umenigusa. Gari yangu ikinyeshewa, kapeti la dereva linaloa chapachapa. Gereji walinibadilishia raba ya nje ya kufuta, mpya kabisa, nikalipa. Mvua iliyofuata, maji palepale. Nirudi wanibadilishie na ya mlango?

Plaizi Mdomo Mrefu

Usirudi kwanza. Hili nilitaka kulianzishia uzi wake.

Maji kuingia ndani ya mlango si ugonjwa. Mlango umetengenezwa kwa kujua kwamba maji yatapita pale kwenye raba ya nje, hata ikiwa mpya. Raba inapunguza tu. Yanayopita yanateleza kwenye kioo kwa ndani, yanafika chini ya mlango, yanatoka kupitia matundu madogo yaliyo kwenye ukingo wa chini. Kinachozuia yasiingie kwako ni ile nailoni iliyobandikwa kwenye chuma nyuma ya kava la ndani la mlango. Kuna magari yana karatasi yenye nta, mengine sponji, kazi ni moja.

Sasa fikiria fundi aliyewahi kufungua mlango wako kutengeneza kitasa, mashine ya kioo, au kuweka spika. Nailoni inamkera, anaichana, au anairudisha bila gundi. Kuanzia siku hiyo maji yanayoteleza ndani ya mlango yanapata njia ya kurukia upande wako, yanashuka nyuma ya kava hadi kwenye kapeti. Raba utabadilisha mpaka uchoke.

Fanya hivi. Inama uangalie ukingo wa chini wa mlango, utaona matundu. Pitisha kijiti cha plastiki au mswaki wa zamani. Yakiwa yameziba utasikia maji yakibembea ndani ukifungua mlango, na yakikaa humo muda mrefu mlango unaoza kutoka ndani. Kisha toa kava, kagua nailoni. Iliyochanika weka mpya. Nailoni nene yoyote inafaa. Ibandike kwa ile gundi nyeusi inayonata isiyokauka, sehemu ya chini ya nailoni ikiingia ndani ya mlango kupitia uwazi wake ili maji yarudi tumboni. Hapo kwenye sehemu ya chini ndipo mafundi wengi wanapokosea: wanaiacha inaning'inia nje.

Kabla hujarudisha kava, mwagia maji ya mpira wa bustani bila presha kwenye kioo kwa nje, huku mtu yuko ndani na tochi. Anzieni chini mpande taratibu. Mkimwagia kuanzia juu, kila kitu kitaloa na hamtajua maji yalianzia wapi.

Oili Chafu

Mimi nimezoea kupaka raba zote oili, wakati mwingine grisi. Zinang'aa na kioo kinateleza safi. Silikoni ni mambo ya watu wa kujionyesha.

Bi Mkubwa wa Spana

Kaka, zinang'aa kwa sababu zinainywa hiyo oili. Raba nyingi za milango za miongo ya karibuni ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani. Raba hiyo inavumilia jua, ozoni, maji na joto kuliko raba ya zamani ya asili, ndiyo maana watengenezaji waliihamia. Udhaifu wake ni mafuta ya petroli: oili, grisi ya kawaida, mafuta ya mgando ya kujipaka, na hata zile puliza za kulegezea nati zilizoshika kutu. Inavimba, inalainika, inapoteza umbo. Raba ya asili nayo haipendani na mafuta hayo, kwa hiyo usiseme gari lako ni la zamani zaidi ukadhani umesalimika.

Na vumbi je? Mfereji wenye grisi ukikutana na vumbi unageuka uji mweusi, kila ukishusha kioo unabaki umepakwa.

Oili Chafu

Bi Mkubwa nimekuelewa kuhusu chaneli. Lakini raba zangu za mlango zina miaka na hazijachanika.

Bi Mkubwa wa Spana

Zibonyeze kwa kidole kisha uachie. Zikirudi juu zenyewe, mshukuru Mungu na uache oili. Zikibaki zimebonyea, hazizuii kitu, hata kama hazijachanika.

Plaizi Mdomo Mrefu

Naunga mkono hoja ya Bi Mkubwa. Silikoni ya kupuliza kwa chaneli, grisi ya silikoni kidogo kwenye kitambaa kwa raba za mlango. Jambo moja tu: msipulize silikoni karibu na mahali panapotarajiwa kupakwa rangi. Ikitua kwenye bodi, rangi mpya inakataa kushika, inafanya vitobo.

Sasa ufungaji. Nitaanza na raba ya nje ya kufuta kwa sababu ndiyo inayokufa mapema, inakaa juani siku zote.

Shusha kioo mpaka mwisho. Bandika masking tepu kwenye rangi chini ya raba, urefu wote, safu mbili. Halafu tafuta skrubu. Magari mengi yameficha moja mwisho wa raba, upande wa kitasa: fungua mlango, tazama ukingoni, pengine imefunikwa na raba ya mlango, ivute kidogo utaiona. Upande wa mbele, raba ikiingia chini ya kioo cha pembeni, lazima kioo hicho kitoke. Usijaribu kuivuta kwa ubavu, inapinda, na ukanda wa chuma ulio ndani ukishapinda haunyooki tena.

Raba imekaa kwa kung'ata ukingo wa chuma cha mlango, kwa meno au klipu. Ingiza kipande cha plastiki kigumu chini yake, inua kuelekea juu. Juu, si nje. Anzia upande wa nyuma, sogea kidogo kidogo. Bisibisi ya chuma iache kwenye boksi.

Ikitoka utakuta uchafu wa miaka na pengine kutu. Kutu usiifunike. Piga msasa, safisha, paka praima, paka rangi, acha ikauke sawasawa. Ndipo uweke raba mpya: ilinganishe kwanza na ya zamani urefu kwa urefu, klipu kwa klipu, kwa sababu ya kushoto na ya kulia zinafanana ukiziangalia haraka. Ikalishe sawa mbele na nyuma, kisha bonyeza kwa kiganja kutoka upande mmoja kwenda mwingine mpaka usikie klipu zikishika. Mdomo wenye mahameli uangalie kioo. Pandisha kioo taratibu mara ya kwanza, ukitazama kama mdomo umejikunja kwenda chini. Ukijikunja, shusha, uunyooshe kwa kitu bapa kisicho na makali.

Raba ya ndani ya kufuta kwa kawaida imeshikwa kwenye kava lenyewe, kwa pini za chuma zilizokunjwa au klipu. Hapo kava litoke. Tafuta skrubu ndani ya kishikio cha kuvutia mlango, nyuma ya hendeli ya kufungulia, na kwenye kona ya kioo cha pembeni. Kama kioo ni cha kuzungusha kwa mkono, nyuma ya mkono huo kuna klipu ya umbo la kiatu cha farasi; pitisha kitambaa chembamba kati ya mkono na kava, vuta huku na huku, klipu inaruka. Weka macho inakorukia. Baada ya hapo klipu za pembeni zinatoka kwa plastiki, na kava linainuliwa juu kutoka kwenye raba ya ndani. Magari yenye mfuko wa hewa mlangoni: kata betri, usubiri dakika kadhaa, msifanye haraka.

Chaneli ndiyo kazi ya subira. Shusha kioo mpaka chini. Vuta raba ya zamani kutoka kona ya juu, iteremke hadi miguu yake itoke ndani ya mlango. Mpya ikitoka kwenye boksi imejikunja, ilaze juani au kwenye maji ya vuguvugu mpaka ilainike. Paka maji ya sabuni kwenye mfereji. Anza na kona, kona zikikaa mahali pake ndipo uingize juu, mwisho miguu. Ukianza mguu mmoja na kuivuta mpaka uifikishe upande wa pili, utakuwa umeitanua; ikirudi kwenye urefu wake itajing'oa konani, na hapo ndipo mluzi unapozaliwa. Chaneli haihitaji gundi. Anayekumiminia gundi humo mwambie asubiri, uondoke na gari lako.

Mita Tatu

Mkuu, raba halisi za gari langu hazipatikani tena. Kuna hizi zinazouzwa kwa mita. Zinafaa?

Plaizi Mdomo Mrefu

Kwa raba ya mlango zinafaa ukipata umbo linalolingana. Kata kipande kidogo cha ile ya zamani, mahali ambapo bado haijafinyika, nenda nacho. Unene wa ile sehemu yenye uwazi na upana wa mdomo unaong'ata chuma ndivyo vya kufananisha. Ukichukua nene zaidi ukidhani ndiyo itaziba vizuri, mlango hautafunga.

Kwa chaneli ugumu uko kwenye kona. Raba halisi kona zake zimetengenezwa kwa kalibu, zimepinda tangu kiwandani. Ya mita lazima ukate kila upande kwa nyuzi 45 na kuunganisha kwa gundi ya raba. Inawezekana, ila tumia wembe mpya.

Raba ya nje ya kufuta ya mita siishauri, isipokuwa gari lisilo na njia nyingine. Bora kutafuta iliyotoka kwenye gari lililokatwa, mradi mahameli yake bado ipo.

Bi Mkubwa wa Spana

Niongezee kwenye gundi. Kwa raba za mlango zinazobandikwa, tumia gundi ya raba ya magari, ile unayopaka pande zote mbili, unasubiri mpaka inanatanata ndipo unabandika. Ile silikoni ya kuzibia inayonuka kama siki isiguse chuma cha gari. Inapokauka inatoa asidi, na chini yake kutu inaanza mahali usipopaona.

Dada Swichi

Samahanini wakuu, nimebadilisha chaneli upande wa dereva kama mlivyoeleza. Imekaa vizuri. Lakini sasa nikibonyeza swichi ili kioo kipande chenyewe, kinafika karibu na juu halafu kinarudi chini. Nimeharibu mota?

Plaizi Mdomo Mrefu

Hapana dada, mota ni nzima. Vioo vya kupanda vyenyewe vina ulinzi wa kutobana mkono wa mtu: mota ikihisi uzito usio wa kawaida inageuza. Chaneli mpya inabana kuliko iliyochoka, kwa hiyo inadhani imekutana na mkono. Puliza silikoni kwenye mfereji, pandisha na shusha kwa kushikilia swichi. Kama ulikata betri, kioo kimesahau pia mwisho wake uko wapi. Kwa magari mengi unashikilia swichi ya kupandisha mpaka juu, unaendelea kuishikilia sekunde kadhaa, kisha kinakumbuka. Utaratibu kamili uko kwenye kitabu cha gari lako.

Dada Swichi

Kimekubali! Silikoni pamoja na kushikilia swichi. Asanteni sana.

Mlango Mgumu

Mimi nimeweka raba mpya za mlango kwenye milango yote minne, sasa kufunga mpaka nibamize. Majirani wanafikiri nina hasira. Nilegeze kile chuma cha kwenye nguzo kinachodaka kitasa?

Bi Mkubwa wa Spana

Usikiguse bado. Raba mpya haijafinyika, ipe muda, funga milango gari likiwa limeegeshwa juani, itazoea. Ukisogeza hicho chuma leo, raba ikishakaa sawa mlango utakuwa umelegea na mluzi utakutafuta.

Kagua kitu kingine. Raba yenye uwazi katikati ina vitundu vidogo sana kila baada ya umbali fulani. Hivyo ndivyo hewa inavyotokea raba ikifinywa. Ukiviziba kwa gundi, raba inakataa kulala. Na ujaribu kufunga mlango huku kioo cha upande mwingine kimeshushwa. Ukifunga kirahisi, sehemu ya tatizo ni hewa ya ndani ya gari kukosa pa kutokea.

Bila Fremu

Mnaongelea milango yenye fremu tu. Mimi nina Subaru Forester ya miaka ya 1990, kioo hakina fremu, kinaegemea raba ya bodi moja kwa moja. Raba mpya nimeweka, upepo bado.

Plaizi Mdomo Mrefu

Kwenye gari lako kioo chenyewe ndicho mlango. Raba inaweza kuwa mpya na kioo kikawa kinaegemea nje. Funga mlango, pitisha karatasi kati ya kioo na raba kwa juu. Ikichomoka kirahisi, kioo kinatakiwa kuinamishwa kidogo kuelekea ndani. Ndani ya mlango kuna bolti za kurekebisha mwinamo wake na kimo chake. Weka alama kwa kalamu mahali zilipo kabla ya kulegeza, sogeza kidogo, jaribu tena. Ukizidisha, kioo kitabana sana raba na kuikata juu. Na jizoeze kufunga mlango kwa kuusukuma kwenye chuma, usiushike kwa kioo.

Kapeti Bichi

Nimerudi wakuu. Nailoni haikuwepo kabisa! Kuna mtu aliitoa akaweka spika na hakuirudisha. Matundu ya chini mawili yalikuwa yamezibwa na tope na majani, nilipochokonoa yakamwagika maji meusi. Nimeweka nailoni, tumemwagia maji na mdogo wangu ndani na tochi, pakavu. Swali: ndani ya mlango kwa chini kuna kutu imeanza. Nifanyeje kabla sijarudisha kava?

Plaizi Mdomo Mrefu

Ikwangue kwa brashi ya waya kadiri mkono unavyofika, puliza hewa vumbi la kutu litoke lote, paka dawa ya kugeuza kutu, ikikauka puliza nta ya kuhifadhia chuma kwenye mishono ya chini. Ukimaliza, pitisha tena kijiti kwenye yale matundu ya chini, maana nta ikimwagika nyingi inayaziba upya.